Twiga Mmoja, Kamera Mbili

Twiga wa Saadani akipita mbele ya kamera asubuhi kuelekea Mto Wami, kamera huchukua mabaka ya ubavu mmoja. Akirudi jioni kwa njia ileile, kamera huchukua ubavu wa pili. Mabaka ya upande wa kulia wa twiga hayalingani na ya upande wa kushoto. Kila ubavu una mchoro wake. Kwa hiyo anayezitazama picha hizo mezani, awe mtu au kompyuta, haoni mwilini mwa mnyama chochote cha kumwambia kwamba aliyekwenda asubuhi ndiye aliyerudi jioni. Kwenye orodha wako twiga wawili. Porini yuko mmoja.

Swali la kumtambua yuleyule anapoonekana kwa pembe nyingine limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa miaka mingi. Wao hupenda kulieleza kwa mfano wa abiria anayetoka kwenye kamera moja ya uwanja wa ndege na kuingia kwenye nyingine, au gari linaloonekana kwa mbele katika makutano haya na kwa nyuma katika makutano yale. Huku kwetu, kwenye pwani inayoanzia Bagamoyo, ikapita Saadani na Pangani hadi kufika Tanga, swali hilo lina uzito wa namna yake. Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikachukua ndani yake hata ardhi iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Ina twiga, tembo, simba na kuro, na ufukwe wake wa Madete ni mahali kasa wanapotaga. Kaskazini zaidi, kwenye kina cha bahari ya Tanga, anaishi silikanti, samaki ambaye dunia ilidhani alikwisha kutoweka zama za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wanyama hawa wote hujigeuza, kila mmoja kwa namna yake, na kumtambua kila mmoja kunataka ujanja wake.

Nikiyapima yote, naamini ugumu mkubwa hauko ndani ya kompyuta. Uko kwenye picha kabla haijafika huko: nani aliipiga, kutoka upande gani, saa ngapi, na mnyama alikuwa amesimamaje.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kujua kwamba mnyama aliye pichani ni twiga ni kazi moja. Kujua kwamba ni yule twiga wa juzi ni kazi nyingine. Kule Serengeti, kuanzia 2010, watafiti walitandaza kamera za mtego 225, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo zilizaa mamilioni ya picha, na mwaka 2018 ikaonyeshwa kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha hizo inaweza kutaja aina ya mnyama kwa usahihi unaokaribiana na wa binadamu. Hatua hiyo ni kubwa, nami siidharau. Lakini mhifadhi wa Saadani anauliza jambo jingine: twiga wangapi? Picha 300 za twiga zinaweza kuwa za twiga 300, au za twiga 12 wanaopenda njia ile ilikofungwa kamera.

Kabla ya kompyuta, kazi hii ilifanywa kwa macho na daftari. Iain Douglas-Hamilton alipoanza utafiti wake Manyara mwaka 1965, aliwajua tembo mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Colin Pennycuick na Judith Rudnai walionyesha mwaka 1970 kwamba simba anaweza kutambuliwa kwa mpangilio wa madoa pale sharubu zinapoota. Uchaguzi wao ulikuwa na hekima. Ngozi ya tumbo hunyooka na kujikunja, shingo hupinda, miguu hupishana; madoa ya sharubu hukaa palepale, simba awe amelala au amesimama, ilimradi umpate uso wake kwa ubavu. Sikio la tembo lina shida zaidi. Likifunguliwa lote, kila mchaniko wa ukingoni unaonekana. Likilala shingoni, pengo la chini hufichika, na tembo anayejulikana sana huonekana kama mgeni.

Lakini macho ya mtu hayategemei alama peke yake. Mvuvi aliyekaa ufukweni Bagamoyo huitambua ngalawa ya jirani yake ingali doa tu baharini, kwa namna tanga linavyokaa, kwa upande inakotokea, na kwa saa ambayo mwenyewe hurudi. Mtafiti wa tembo naye hutazama mwendo, huangalia nani yuko na nani, na hukumbuka kwamba familia fulani hunywa maji mahali fulani. Vitu hivyo havibadiliki mnyama anapogeuka. Mifumo mingi ya kompyuta huvitupa vyote, hubaki na kipande cha ngozi, kisha hutakiwa itoe jibu.

Kwenye kompyuta, njia ya kwanza ya kutaja ilitoka kwa David Lowe wa Kanada, aliyeitoa mwaka 1999 na kuieleza kwa ukamilifu mwaka 2004. Programu hutafuta pichani vijisehemu vidogo vyenye kona au mabadiliko makali ya mwanga na kivuli, na kila kimoja hukiandikia orodha ya namba 128. Ikiletewa picha ya pili, hutafuta vijisehemu vyenye namba zinazokaribiana na kuangalia kama vimepangana kwa utaratibu uleule. Picha ikiwa imelala au mnyama akiwa mbali zaidi, njia hii haibabaiki. Hubabaika mnyama anapokaa mshazari, kwa sababu mabaka hubanwa upande mmoja na kutanuka upande mwingine, na kadiri mshazari unavyozidi ndivyo vijisehemu vinavyopotea.

Juu ya wazo hilo zikajengwa programu za wanyamapori, mojawapo ikiwa Wild-ID iliyotoka 2012. Watafiti wa Wild Nature Institute wanaofuatilia twiga wa Tarangire walipoitumia, waliweka sharti moja lililorahisisha kila kitu: kila twiga apigwe picha ubavu wa kulia, mpigaji akiwa amemkabili moja kwa moja na si kwa mshazari. Badala ya kusubiri kompyuta yenye akili zaidi, waliipunguzia kazi. Kenya ilifanya hivyohivyo mwaka 2016, wananchi wa kawaida walipoalikwa kuwapiga picha pundamilia aina ya Grevy kaskazini mwa nchi: ubavu wa kulia tu. Na kwa kuwa mabaka ya twiga hayabadilishi umbo anapokua, picha ya ndama inaweza kumtambulisha akiwa mzee. Watafiti haohao wa Tarangire walionyesha mwaka 2018 kwamba baadhi ya sifa za mabaka hurithiwa kutoka kwa mama.

Sharti la upande mmoja lina gharama yake, na hapa ndipo Saadani inapaswa kutafakari sana. Mtu mwenye gari anaweza kuzunguka mpaka apate upande anaoutaka. Kamera ya mtego iliyofungwa mtini haizunguki. Hupokea kinachopita, na sehemu kubwa ya picha zake zitakuwa za upande usiotakiwa. Wanaotafiti chui na simbamarara hufunga kamera mbili zinazotazamana, moja kila upande wa njia, ili mnyama akipita mara moja pande zote mbili zipatikane kwa pamoja. Gharama hupanda maradufu. Pasipo fedha hizo, ipo hazina ambayo mara nyingi hutupwa: picha za mfululizo ambazo mnyama anageuka mbele ya kamera. Mfululizo mmoja tu, wenye saa iliyoandikwa sawasawa, unazifunga pande mbili za twiga mmoja daima. Picha za namna hiyo hufutwa kwa sababu zina ukungu wa mwendo au kwa sababu mnyama ameonyesha makalio. Ningekuwa na mamlaka, ningekataza zisifutwe.

Njia ya pili ni kuinyoosha ngozi. Lex Hiby na wenzake walifanya hivyo kwa simbamarara mwaka 2009: kompyuta huiweka picha juu ya umbo la mnyama lenye pande tatu, kisha huukunjua mchoro wa mistari kana kwamba mnyama amesimama kwa ubavu mbele yako. Inafaa kwa kiwiliwili, ambacho hakipindi sana. Kwa twiga ningeiacha shingo na kuchukua bega na mbavu.

Njia ya tatu ndiyo inayosifiwa leo, nayo ni mtandao wa neva unaojifunza wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Google waliieleza kwa nyuso za watu. Kompyuta hupewa picha tatu: mbili za mtu mmoja na ya tatu ya mtu mwingine. Hurekebishwa mara nyingi mno hadi picha mbili za yuleyule zikaribiane katika hesabu zake na ile ya tatu isogee mbali. Ikishafunzwa hivyo kwa wanyama, inaweza kuelewa kwamba shingo iliyoinama na shingo iliyonyooka ni za twiga mmoja, jambo ambalo njia ya Lowe hulipata kwa shida.

Hata hivyo, kuna mpaka usiovukwa na hesabu. Kama ubavu wa kulia hauna habari yoyote kuhusu mabaka ya ubavu wa kushoto, hakuna mafunzo yatakayoitoa habari ambayo haimo. Ukiifunza kompyuta kwa pande zote mbili za twiga 200 unaowajua, itakariri jozi hizo 200 na kukupa majibu mazuri. Iletee twiga wa 201, ambaye haijawahi kumwona, uionyeshe kulia kwake leo na kushoto kesho; itabahatisha. Anayekuja kuuza mfumo wenye sifa ya kutambua kutoka pembe yoyote aulizwe hili kwanza: kwa mnyama mgeni, unaunganishaje pande mbili?

Aulizwe na la pili: ulijipimaje? Kamera ikifungwa mtini, picha 10 za twiga mmoja zilizopigwa ndani ya dakika moja huwa na mti uleule, kivuli kilekile na mchanga uleule nyuma yake. Ukiweka picha tano kati ya hizo kwenye mafunzo na tano kwenye mtihani, kompyuta itafaulu kwa kuutambua mti. Mtihani wa haki ni picha za siku nyingine, na bora zaidi za kamera nyingine. Saadani ina nyasi za Mkwaja, msitu wa Zaraninge, mikoko ya mlangoni mwa Wami na mchanga mweupe wa pwani. Mfumo uliofunzwa kwenye miti mikavu ya Tarangire unapaswa kujaribiwa upya hapa kabla ya kuaminiwa.

Haya yote yangekuwa mabishano ya maabara kama yasingeingia kwenye idadi ya wanyama. Idadi hupatikana kwa kukamata na kukamata tena, na siku hizi kukamata ni kupiga picha. Tuseme wiki ya kwanza wametambuliwa twiga 40. Wiki ya pili wametambuliwa 50, na 20 kati yao ni walewale wa wiki ya kwanza. Hesabu ya msingi huzidisha 40 kwa 50 na kugawanya kwa 20, jibu ni twiga 100. Sasa tuseme watano kati ya wale 20 walipigwa picha upande mwingine au kwa mshazari, kompyuta ikawahesabu kuwa wageni. Kigawanyo kinashuka hadi 15 na jumla inapanda hadi 133. Twiga 33 wamezaliwa kwenye karatasi. Kosa la kinyume, la kuwafananisha wageni watano na wenyeji, hushusha idadi hadi 80. Makosa yote mawili ni mabaya, lakini la kwanza ndilo linalonitisha zaidi, maana linaweza kuificha hifadhi inayopoteza wanyama chini ya takwimu za kupendeza. Kwa sababu hiyo kompyuta ipewe kazi ya kuleta picha zinazofanana na mtu apewe kazi ya kukubali au kukataa.

Wapo pia wanyama ambao njia hii haiwafai. Kuro wa Saadani hana mabaka. Pete nyeupe ya makalioni wanayo wote. Dume anaweza kujulikana kwa umbo la pembe au sikio lililochanika, lakini jike hana pembe. Kuwahesabu kuro kwa kuwatambua mmoja mmoja pichani ni kupoteza fedha, na afadhali kutumia hesabu za kawaida za kupita kwenye mistari iliyopangwa na kuwahesabu wanaoonekana.

Baharini, suala la pande linajirudia kwa sura nyingine. Kasa jike hutaga zaidi ya mara moja katika msimu mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Mwenye kuhesabu viota vya Madete hajahesabu mama. Bamba za chuma zinazofungwa kwenye mapezi husaidia, lakini zinaweza kung'oka. Magamba ya uso hayang'oki: mpangilio wake pembeni mwa kichwa hutofautiana kati ya kasa na kasa, na utafiti umeonyesha kwamba kwa kasa wa kijani haubadiliki kwa miaka. Kulia na kushoto hazifanani, kama kwa twiga. Tofauti njema ni kwamba kasa aliye ufukweni hutembea polepole, na mlinzi wa viota anaweza kupata pande zote mbili za kichwa usiku mmoja, kwa taa hafifu na baada ya mayai kutagwa, pasipo kumtia hofu.

Kwa silikanti mambo ni magumu na ya kuvutia zaidi. Hans Fricke na wenzake walishuka kwa chombo cha kuzamia katika bahari ya Komoro kuanzia miaka ya 1980 na kumwona samaki huyu akiwa hai kwenye mapango yake. Waligundua kwamba madoa meupe mwilini mwake humtambulisha kila mmoja. Kwa madoa hayo, katika kazi iliyodumu zaidi ya miaka 20, walitambua silikanti 145, na baadhi yao walikutana nao tena baada ya miaka mingi mno. Na samaki mwenyewe hana mkao mmoja: hujiachia na mkondo wa maji, hugeuka, hata husimama kichwa chini mkia juu. Macho yenye subira yaliweza.

Tanzania ilianza kuwapata silikanti mwaka 2003, na kuanzia 2004 wavuvi wa Kigombe na Mwarongo, karibu na Tanga, wakawa wakiwanasa kwenye majarife yaliyotegwa kilindini. Mwaka 2007 Wajapani walishusha kamera na kuwapiga picha za video wakiwa hai, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hapo ndipo ninapoiona nafasi iliyo wazi. Kila silikanti anayenaswa kwa bahati mbaya, hata akiwa amekufa, ana madoa pande zote mbili. Picha mbili safi, kulia na kushoto, zilizopigwa palepale mwaloni, zingeweza kulinganishwa na video za walio hai na kutuambia kama jarife limemuua mkazi anayejulikana au mgeni. Kazi hiyo inahitaji simu ya mkononi na mtu aliyeelekezwa.

Nyangumi wa nundu wanaopita pwani yetu katikati ya mwaka ni kesi nyepesi kuliko zote: hutambuliwa kwa upande wa chini wa mkia, ambao ni bapa na ni mmoja tu. Hauna kulia kwake na kushoto kwake pa kupatanisha.

Mafia iko kusini ya Dar es Salaam, lakini ina funzo linaloihusu pwani yote. Papa potwe wa huko hutambuliwa kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, kwa kanuni iliyotungwa mwaka 1986 na mtaalamu wa nyota aitwaye Groth kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota, na ambayo watafiti Arzoumanian, Holmberg na Norman waliigeuzia papa mwaka 2005. Kwa kufuata picha peke yake, ilionekana kwamba papa hupungua Mafia msimu wa kuonekana kwao ukiisha, na dhana rahisi ikawa kwamba wamekwenda zao. Kisha papa walifungwa vifaa vya kutoa mlio unaosikika na vinasa sauti vilivyozamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wengi hawakuondoka. Walisogea mbali zaidi na kwenda chini zaidi, mahali ambapo macho hayawafikii. Kamera hushuhudia kilichopita mbele yake. Kutoonekana pichani si ushahidi wa kutokuwepo, na mfumo wowote wa utambuzi utakaowekwa Saadani uandike pia wapi na lini kamera hazikuwa zikitazama.

Ufundi unaomfuata twiga kutoka kamera hadi kamera ndio unaoweza kumfuata mtu kutoka mtaa hadi mtaa, na yeye hujulikana hata kwa nguo na mwendo, uso usipoonekana. Twiga hana faragha ya kulindwa, mtu anayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kamera za mtego nazo huwanasa wachuma kuni, wavuvi na watoto wa vijiji vya jirani. Picha hizo zisiingizwe kwenye mafunzo ya kompyuta yoyote bila idhini yao.

Daftari la picha la wanyama wa pwani hii linaweza kujengwa hapahapa. Bagamoyo ina chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambacho vijana wake ndio watakaosimama mialoni kesho. Saadani ina askari wanaopita njia zilezile kila siku. Waanze na upande mmoja uliokubaliwa, wahifadhi kila mfululizo wa mnyama anayegeuka, waandike saa, na daftari likae nchini.

Nawe msomaji, ukienda Saadani na simu yako, mpige twiga picha ubavu wa kulia akiwa amekuonyesha upana wake wote, kisha subiri ageuke umpige na wa kushoto bila kuzima kamera. Usimwangazie kasa anayetaga. Picha halisi, pamoja na mahali na saa yake, wape wahifadhi; ile utakayoiweka mtandaoni iondolee kwanza alama ya mahali, kwa sababu majangili nao wana simu.